Korongo Aliyesahau Kuvua Uzi

Saa nne na nusu asubuhi, na Zdravka Kolarova ameshaizunguka meza yake mara ishirini. Mkononi ana mashine ya kukaushia nywele. Hakaushi nywele; zake hazijaona kitana tangu jana. Anakausha korongo.

Korongo huyo ni wa wino. Akikauka atalazwa kwenye skana, ambayo kifuniko chake kimegandamizwa na chupa kubwa ya kachumbari ili kisiinuke, kisha aingie kwenye kompyuta apakwe rangi.

“Mstari wa mkono, rangi ya mashine,” anasema mchoraji huyu wa miaka arobaini na mmoja, katika nyumba yake ya ghorofa ya nne hapa Plovdiv, Bulgaria. “Mstari wa kompyuta umenyooka mno. Mnyama wa hivyo hata mtoto hamwonei huruma.”

Huruma anaijua. Kwa miaka kumi na mmoja amechora ng’ombe wa vikopo vya mtindi na mbwa wa mifuko ya chakula cha mbwa. Aliwahi kuchora panya wa pakiti ya sumu ya panya, akatoka mzuri mpaka mwenye kiwanda akalalamika: wateja wanamwonea huruma, hawanunui. Hakuna hata mmoja aliyeandikwa jina la Zdravka chini.

Kitabu hiki cha watoto, cha korongo, ndicho cha kwanza chenye jina lake kwenye jalada. Kinatakiwa kufika kiwanda cha uchapaji leo saa tisa alasiri. Kikichelewa, nafasi yake inapewa kitabu kingine, na chake kinasubiri mwaka mzima.

Balaa lilianza jana kwa simu ya Ognyan, mhariri wake.

“Dada, huyu korongo amevaa uzi wa Machi mguuni?”

“Mwekundu na mweupe. Amependeza, eti?”

“Sisi tunaufunga mkononi Machi mosi, tunauvua siku tukimwona korongo wa kwanza. Sasa korongo mwenyewe anamsubiri nani?”

Zdravka alicheka. Kisha akaacha kucheka. Ni kosa ambalo angeweza kulifanya mtu wa hapa tu, aliyefungwa uzi huo kila mwaka tangu utotoni mpaka akasahau una kazi gani.

Ognyan anataka uzi utolewe kwenye kurasa zote kumi na tisa. Ungekuwa umechorwa peke yake, kompyuta ingeuondoa bila kugusa kitu. Lakini Zdravka alichora uzi na mguu pamoja, kwa brashi moja, wino ukiwa mbichi. Kila akifuta uzi, goti linaondoka nalo.

“Tazama huyu,” anasema akigeuza kioo cha kompyuta. “Kama katoroka kwa fundi wa mifupa.”

Ndiyo maana tangu alfajiri anachora upya. Amemaliza wawili. Anakaa, anainuka, anafungua dirisha, analifunga.

Mama yake, Bi Tsonka, anaingia na sahani ya banitsa ya moto, jibini likichuruzika pembeni.

“Kula. Ndege hana mguu, wewe huna tumbo.”

“Mama, bado kumi na saba!”

“Kwa kosa gani?”

“Nimemvika uzi wa Machi. Korongo akijiona, si auvue?”

“Atajiona wapi? Marehemu baba yako aliishi miaka sabini bila kujua kwamba anakoroma. Huyo ndege kaambiwa na nani kwamba yeye ni korongo? Huko porini ana kioo?”

Zdravka anazima mashine.

“Ana maji,” anasema.

Korongo anabaki na uzi wake kitabu kizima, akimsubiri korongo. Ukurasa wa mwisho anainama kwenye dimbwi, anajiona, anauvua. Mchoro mmoja, si kumi na saba.

Anamchora kwa mkono, anamkausha, anamwingiza kwenye kompyuta. Humo anamnakili, anampindua kichwa chini, anapunguza rangi. Bi Tsonka anachungulia.

“Maji gani haya? Hiki ni kioo cha saluni.”

“Mama!”

“Nimesema tu.”

Zdravka anarudi kwenye karatasi na brashi iliyokaribia kukauka, anachora viwimbi, anavipachika juu. Majini mguu wa korongo unakatika vipande vipande. Tangu jana, ni mguu wa kwanza uliovunjika panapostahili.

Saa nane na dakika arobaini anatuma. Dakika tisa baadaye simu inalia.

“Dada, umeniponza,” anasema Ognyan. “Nilishaandika barua ya kuahirisha kitabu. Sasa inabidi niifute.”

“Ifute, kaka. Yako inafutika.”

Sasa ndipo anapoigusa banitsa, imeshapoa. Machi mosi iko wiki mbili mbele, na mpango wake anao. Atafunga uzi kama kila mtu, lakini hatauvua mpaka amwone korongo kwenye dirisha la duka la vitabu, na jina lake chini.

“Na wa angani akitangulia?” anauliza Bi Tsonka.

“Nitafumba macho.”