Babu Aliyebeba Mawe ya Boma

Tangu wahamishiwe kijiji cha ujamaa jirani na Kilosa, Mwanakheri, Mama Kondo kwa majirani, aliishi ua kwa ua na Lea, mwanamke wa milimani, msafi mpaka anakera. Walipeta mchele pamoja, wakasimuliana ya kwao. Wivu uliingia serikali ilipoamua kulitengeneza boma la Mjerumani, lililokuwa limeshaota miti juu ya kuta. Msimamizi, Bwana Urbanus wa Morogoro, alitaka mama mmoja mtu mzima, siku ya kufungua awasimulie wageni boma lilijengwaje.

Mwanakheri alijua ni yeye. Nani mwingine? Babu yake alibeba mawe ya boma lile kichwani kutoka Mto Mkondoa, mpaka shingo ikazama mabegani. Alikufa hivyo hivyo, hawezi kugeuka kumtazama mtu.

Lakini Landrova ya Urbanus ikawa inasimama kwa Lea, eti kwa sababu kasoma misheni. Chai inachemka, maandazi yananukia, shikamoo inatolewa kama mtu kaja kuposa. Na Lea alivyo! Asubuhi anafagia uwanja wote, alama za tairi anaziacha. Mwanakheri akiziona, bakuli la uji analisukuma kando.

Siku wanawake walipochota maji ya kuchanganyia chokaa, uvumilivu ulimwisha. Akatua ndoo katikati ya mafundi.

"Muulize huyo mwenye maandazi babu yake alibeba nini hapa," alimwambia Urbanus. "Wa kwangu alibeba mawe. Wa kwake alibeba kiboko, cha kumchapia wa kwangu."

Mafundi waliacha kazi. Miaka ile ukishaitwa kizazi cha kibaraka, hata kwenye foleni ya sukari unarudishwa nyuma. Mwanakheri alingoja Lea akane.

"Ni kweli, Mama Kondo," alisema Lea. "Alikuwa askari wao. Alilala humu humu ndani."

Hapo Mwanakheri alikuwa amejimaliza mwenyewe. Urbanus alikuwa anahangaika kujua vyumba vilikaaje kabla kuta hazijaanguka, na wabeba mawe wa enzi ile walikuwa wakitua mizigo nje, kizingiti hawakukivuka. Akamwomba Lea waingie. Lea akamwonyesha palipokuwa na jiko, mlango wa nyuma, chumba cha kufungia watu, vyote kama alivyosimuliwa na bibi yake. Mwanakheri akabaki na ndoo.

Siku ya kufungua Lea alisimama mbele, kitenge kipya. Kiboko hakukificha. Kisha akasimulia mawe, na mto, na ile shingo, maneno yale yale aliyoyasikia kwenye ungo wa Mwanakheri, na akayasema vizuri kuliko mwenyewe. Akamwomba Mama Kondo asimame, watu wamwone.

Watu waligeuka. Regina, mkwe wake Mwanakheri, akamgusa kwa kiwiko.

"Simama, mama."

"Asimame yeye, si ndiye mwenye babu wawili, wa kiboko na wa mawe," alisema Mwanakheri, akajikalia pale pale, makofi yanapigwa juu ya kichwa chake.