Prosesa Iliyochelewa Njiani

Kompyuta ya Régina ilikuwa imezeeka, na mtu asiwadanganye kwamba ilizeeka na adabu. Asubuhi unaiwasha, unakwenda kusonga bugali, unakula, unaosha sufuria, ukirudi ndiyo kwanza inaamka. Walimu wa Kasongo waliomletea mitihani ya kuchapisha walikuwa wamekwisha kuzoea kuja na mazungumzo yao. Lakini ndiyo iliyomlisha yeye na mumewe Blaise miaka tisa, katika kibanda chao karibu na soko. Mtoto hawakujaliwa. Walikuwa na mashini hiyo, na wao wenyewe wawili.

"Nitaibadilishia moyo," Blaise alimwambia. "Iko prosesa inaingia mulemule, lakini nguvu yake ni mara mbili. Utaona!"

Akaenda Kabambare kwa kaka yake Pierre, maana huko kulikuwa na mfanyabiashara aliyeleta vifaa kutoka Bukavu. Hakurudi. Homa ilimshika siku nne tu, na Régina alipofika juu ya pikipiki, tope mpaka magotini, alikuta wamekwisha kuzika. Uso wa mumewe hakuuona. Basi hakulia. Watu wakasema, na watu lini walikosa la kusema: mjane gani huyu, macho makavu! Hawakujua kwamba mtu asiyeaga maiti, moyo wake unakataa kusadiki.

Wiki tatu baadaye, Heri wa pikipiki akasimama mlangoni, ameshika kopo la maziwa ya unga.

"Mama, unisamehe. Daraja ilivunjika, nikakwama ng'ambo na mizigo yote. Bwana yako alinipa hii Kabambare, mbele ya kuugua."

Ndani, katikati ya pamba, mlikuwa na prosesa, kipande bapa kisichozidi biskuti, na chini yake vijiguu vya rangi ya dhahabu, mamia. Mlikuwa na dawa kidogo ya kuipoza. Na karatasi, mwandiko wa Blaise mwenyewe: "Régina, usiiweke peke yako, vijiguu vyake vinapinda upesi. Uningoje, tutaiweka pamoja."

Aliikunja ile karatasi akaitia kifuani. Siku tatu hakuigusa prosesa. Siku ya nne ilibidi. Jamaa ya Blaise walikuwa njiani kuja kumaliza matanga, na sala na nyimbo za siku hiyo zilitakiwa kuchapishwa, na ile mashini ilikuwa inakwama kila ukurasa. Akafunga mlango. Akafungua skrubu, akatoa feni, akafuta dawa ya zamani iliyokauka, akainua kijiti cha kubania, akatoa prosesa ya zamani akaiweka kando. Alikuwa amemwona Blaise akifanya hivyo mara nyingi sana. Prosesa ikazama mahali pake bila kulazimishwa, hakuna kijiguu kilichopinda; akapaka dawa mpya, akarudisha feni.

Aliwasha. Hakuwahi hata kuketi, tayari! Régina akapiga makofi, akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu Kabambare.

"Ee Blaise! Uone sasa!" akasema, akageukia kiti chake. Kiti kilikuwa kitupu.

Sasa nisikilizeni. Kule msibani Pierre alikuwa amesema juu ya kompyuta, mbele ya wote, "Ile sanduku ya zamani mumuachie mujane, itamusaidia nini mutu?" Neno lilikuwa limekwisha. Régina angenyamaza tu! Angeifunika mashini kwa kitenge mpaka wageni waende zao! Lakini alitaka waone kazi ya mwisho ya ndugu yao. Akawaita, akawachapishia sala mbele ya macho yao, karatasi zikitoka moja juu ya nyingine. Pierre akaacha kutafuna.

Jioni mkeka ukatandikwa uani, vitu vya marehemu vikawekwa juu yake ili jamaa wagawane, kama ilivyo desturi: shati, baiskeli, redio. Pierre akaingia ndani mwenyewe, akatoka ameikumbatia kompyuta.

"Hii ilikuwa ya ndugu yetu. Mutoto hakuacha. Itaenda Kabambare."

Mtu ataniambia iko sheria ya kumlinda mjane. Ndiyo, sheria iko Kinshasa. Mkeka ulikuwa uani.

Régina akapiga magoti. "Shemeji, chukua sanduku. Lakini prosesa aliniletea miye. Ilifika yeye iko mu udongo tayari. Soma." Akatoa karatasi kifuani.

Pierre alisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna neno lingine, akampa mama yake. Mama Emilienne hakujua kusoma, ila mwandiko wa mwanawe aliujua. Akaishika muda mrefu, akamrudishia Régina.

"Kile alimutumia muke wake," akasema, "mumuachie."

Basi mbele yao wote Régina akaifungua mashini, akaitoa prosesa, akairudisha ile ya zamani. Asubuhi Pierre akalifunga sanduku nyuma ya pikipiki kwa mipira, wakaondoka.

Mchana mwalimu Moustapha akaja na mitihani yake. "Mama Régina, mashini iko?"

Juu ya meza palikuwa na alama tu, mraba usio na vumbi. Régina akafungua kopo, akamwonyesha.

"Iko hii."

"Na hii peke yake inafanya nini?"

"Hakuna, mwalimu. Haifanye kitu."

Akachukua ile karatasi ya Blaise ili aifungie prosesa, na macho yakaangukia maneno ya mwisho: "Uningoje, tutaiweka pamoja." Ndipo kilichokaa ndani wiki zote zile kikatoka. Akaanguka chini, akalia mpaka wauza samaki wakaacha meza zao wakaja mbio.

"Nikungoje wapi, Blaise? Uniambie! Nikungoje wapi?"

Moustapha akaweka mitihani kando, akavua kofia, akaketi chini pamoja naye. Matanga ndiyo kwanza yalikuwa yameanza.