Mbwa Aliyemcheka Baba Mdogo

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu kule Bashay, nilikunywa maziwa ya mgando ya bibi yangu, karibu kibuyu kizima, nikakiacha kimelala mlangoni. Baba mdogo, tuliyekuwa tukiishi naye, alimkuta mbwa wetu Popi analamba yaliyomwagika. Akamchapa kwa fimbo ya kuchungia mpaka ikakatika. Mimi nilikuwa nyuma ya zizi, nikichungulia.

Tangu siku hiyo, kila baba mdogo alipotoka malishoni, Popi alimwendea tumbo likigusa ardhi, masikio yamelala, midomo imevutwa nyuma na meno yote nje. Ukimtazama haraka ungesema anacheka, na bibi ndivyo alivyosema. Aliweka chini ungo wake wa maharage akaniita.

"Mbwa hacheki bure," aliniambia. "Akimcheka mtu, ameshaona msiba wake. Wewe unashinda naye. Anawacheka na wengine?"

"Hapana, bibi. Baba mdogo tu."

Nilisema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyommaliza Popi. Habari ya kibuyu sikuitaja kwa sababu niliogopa kuchapwa. Bibi akaamua mbwa aondoke siku ileile. Baba mdogo, pamoja na mabavu yake yote, alikuwa ameshaingiwa na hofu. Hata chakula cha mchana hakukigusa. Alimfunga Popi kamba shingoni akashika njia ya Yaeda Chini, eti atawapa wafugaji wa huko. Alirudi mapema mno kwa mtu aliyefika Yaeda Chini, kamba mkononi, na kamba ilikuwa na damu.

Siku hizi nafuga mbwa wangu mwenyewe, na nikimgombeza hunifanyia uso uleule. Ni uso wa kuomba radhi, wala hauna uhusiano wowote na kaburi la mtu. Kinachonisumbua ni kwamba nadhani hata wakati ule nilikuwa najua. Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa kutabasamu nikikaripiwa, na mwalimu aliwahi kuniongezea viboko akidhani namdharau.

Bibi alishafariki. Baba mdogo yupo, mzee wa kanisa mwenye mvi, na Krismasi iliyopita aliwasimulia wajukuu zake jinsi bibi alivyomwokoa na mauti kwa kumwondoa yule mbwa mapema. Alisimulia kwa upendo, machozi yakimlengalenga. Watoto wakanigeukia, wakaniuliza kama kweli nilikuwepo, na kama kweli mbwa anaweza kucheka.

Hii ndiyo nafasi niliyoingoja miaka yote. Nilimtazama mzee, naye akanitazama akingoja nimuunge mkono.

Nikasema ni kweli, alicheka. Nilisema hivyo nikitabasamu, meno yote nje.