Vijumba Kumi na Posa Moja

Wadi, lile korongo la maji ya mvua, lilipofurika likaharibu nyumba yetu ya mjini Ibra, tulipewa kijumba cheupe cha mabati, safu moja na familia nyingine tisa zilizokosa pa kukaa. Vyumba viwili, jiko la kugeukia, na kuta unazomsikia jirani akipiga chafya. Ni kwa muda tu, walituambia, mpaka nyumba zetu zijengwe. Nilishukuru, tena sana, lakini nami nina kiburi changu. Siku ya pili nilichukua bisibisi nikaibandua namba tatu mlangoni. Mimi si faili la ofisini.

Muda ukarefuka. Tukazoea kuanika nguo kamba moja, kukaanga sambusa kwa zamu, na kujua nani kagombana na nani.

Kisha watu wa mji wa Sur wakataka kuja kuposa. Kijana wao alisoma chuo na binti yangu, na binti yangu alikuwa anamtaka huyo huyo, si mwingine. Kilichoniweka roho juu ni bibi yake kijana, mzee wa Unguja mjini, anayesifika kwa kukagua hata pindo la pazia. Nikasema tungoje nyumba yetu iishe. Binti yangu akaja juu.

"Mama, wallahi, nyumba ikisha mwakani, wao washapata mtu mwengine! Waje tu."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Nikatuma habari: waje Ijumaa baada ya Alasiri, namba tatu.

Ijumaa nikapanga tende na halua, kahawa ikiwa tayari kwenye dele. Tukangoja. Saa kumi na nusu ikapita na simu haipokelewi. Nikajua wameyaona mabati wakageuza gari. Binti yangu akajifungia chooni na nguo zake mpya, na mimi nikawatukana watu wa Sur wote, walio hai na waliotangulia. Mungu anisamehe.

Kumbe walikuwa kijumba cha tisa. Waliingilia upande wa pili, namba tatu hawakuiona, wakapiga hodi kwenye mlango uliokuwa wazi. Jirani yetu wa pale ni mtu wa Jalan, na kwao mgeni haulizwi kilichomleta mpaka ale na anywe. Mgeni naye huona haya kuuliza hapa kwa nani wakati tende iko mkononi. Basi wakala halua, wakakatiwa matunda, wakamiminiwa kahawa mpaka wakatikisa vikombe, ishara ya kuwa wametosheka. Wakaulizana habari za mvua, za mitende, za barabara. Hapo ndipo ami yake kijana alipokohoa, akaanza kwa Kiarabu kizuri cha posa: tumekuja kumwomba binti yenu.

Jirani aliweka dele chini.

"Nimeheshimika," akasema, "lakini binti yangu yuko darasa la kwanza."

Huku kwetu tulisikia vicheko kwanza, halafu nyayo. Nikafungua mlango, nikaona msafara: jirani na dele lake, mkewe na sinia, wageni wamejishika mbavu, na mbele yao yule mtoto anatangaza kwamba yeye kashaposwa.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia yule mzee wa Unguja.

"Marahaba, mwanangu. Usinipe kitu, nshashiba."

Nafasi ikawa haitoshi, akakaa kitandani kwangu. Nikaanza kujitetea: wadi, mafundi, kijumba hiki cha muda tu, bibi, tunahama karibu. Akanikata kauli.

"Mie nshalishwa na mtu asonijua jina, wala hakuniuliza. Binti alolelewa na majirani kama hawa, n'ende kumtafuta wapi mwengine? Ila namba ya mlango nani kaibandua?"

Mume wangu, msaliti, akanitazama. Bibi akacheka mpaka akafuta macho.

"Haya, tupeni jibu. Mie mzee, sina umri wa kungoja mafundi."

Jibu hutolewa na baba wa binti, na hulitoa kwa utulivu, baada ya kushukuru na kuomba siku mbili tatu za kushauriana. Mume wangu akakaa sawa, akasafisha koo. Mlango wa choo ukafunguka kidogo. Nikaliona jicho la mwanangu, na subira yangu ikaisha pale pale: nikapiga kigelegele. Namba mbili wakakidaka, namba nne wakakidaka, kikaenda na mabati mpaka mwisho wa safu. Mume wangu alijibu, naapa, niliiona midomo yake ikicheza. Hakuna aliyemsikia.