Mke wa Mama

Nina wifi, ingawa sijawahi kuwa na kaka.

Mama alizaa mabinti wawili, na dada yangu alifariki akiwa mdogo. Baba naye alipokufa, mama alifanya kama wanavyofanya wajane wengi wa huku Tarime wasio na mtoto wa kiume: alioa. Alitoa ng'ombe, akaleta msichana nyumbani, ili watoto atakaowazaa wawe wa nyumba yake. Kwetu tunaita nyumba ntobhu. Msichana alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi. Akawa wifi yangu, mke wa kaka ambaye hakuwahi kuwepo.

Mimi wakati huo nilikuwa njiani. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikaachika, kisha nikawa nahama kambi hadi kambi upande wa Robanda, nikipikia watalii. Nikija kumsalimia mama, begi langu lilikaa nyuma ya mlango, nusu limefunguliwa. Mama alilitazama, akaniuliza kama nimekula.

Alifariki mwaka jana. Aliacha nyumba ya bati, shamba la mihogo na mahindi, kigoda chake cha mlangoni, mjukuu wa kiume, mtoto wa wifi, aliye shule ya bweni, na mke.

Tulipomaliza matanga, baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, alikuja kutuona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unaondoka lini?"

"Wiki ijayo."

Akamnyooshea wifi fimbo. Wifi alikuwa anamenya mihogo. "Huyu ndiye nyumba. Akiwepo, shamba ni la mwanawe. Akituacha, linarudi kwetu."

"Na mimi je?"

"Wewe uliolewa ukaondoka."

"Niliachika, baba."

"Kuachika si kuzaliwa upya, binti yangu." Akacheka, akaomba maji ya kunywa.

Alipokwenda, wifi aliendelea kumenya. Kisha akaniuliza, bila kuinua macho, "Wifi, aliyenioa ni mama yako. Sasa tumemzika. Mimi ni mke wa nani?"

Akasema kwamba tangu aletwe pale hajawahi kulala kwingine, isipokuwa kwao. "Wewe kila ukija unanukia mahali pengine. Mimi nanukia jiko hili. Niache niende nikafanye kazi, hata mwaka mmoja."

"Watalii wanataka chapati. Wewe unajua ugali."

"Si utanifundisha?"

Nilimfundisha. Za kwanza zilikuwa ngumu kama soli ya kiatu, tukawapa kuku, nao wakazikimbia. Zilipoanza kulainika nikampigia simu msimamizi wa kambi niliyokuwa napikia, nikamwomba ampokee badala yangu. Nikamwaga nguo zangu kitandani kwa mama, nikampa wifi begi. Hakuwa na begi. Alikuja kwetu na vitu vyake vimefungwa kwenye khanga.

Baba mdogo hupita asubuhi akipeleka ng'ombe malishoni.

"Mke wa mama yako yuko wapi?"

"Yuko kazini, baba, anatafuta ada ya mtoto. Atarudi."

"Vizuri. Lakini siku nikipita nikakuta mlango umefungwa, nitajua humu hakuna nyumba tena."

Kwa hiyo mlango haufungwi. Mtoto akija likizo ananikuta mimi, shangazi yake. Siku ya mnada naagiza chumvi kwa jirani. Nimekalia kigoda cha mama, kilichopinda kumfuata alivyokaa yeye, na kiuno kinaniuma upande uleule aliokuwa akiulalamikia.

Wifi hunipigia simu. Juzi alisema tembo wamepita nyuma ya jiko la kambi, wameangusha pipa la maji.

"Pipa la bluu?" nikauliza.

"Hilohilo. Umelijuaje?"

Nikamwambia nililiweka mimi. Nikamwuliza kama mvua imeshanyesha huko, na kama njia ya kwenda Ikoma inapitika. Akasema inapitika.

"Likizo nije?" akauliza.

Nilitazama mlango. Ulikuwa wazi, kuku wanaingia na kutoka.

"Ukipenda," nikamwambia. "Mimi nipo."