Mwongozo wa Kumtafuta Mwenye Pampu

Tumainieli wa Myamba, kijiji cha milimani Upare, aliacha ualimu wa Kiswahili akiwa na miaka arobaini na miwili, akashuka Same mjini kuandika miongozo ya kampuni inayofunga pampu za sola. Waliomfahamu hawakushangaa. Huyu ni mtu ambaye hata kadi ya mwaliko wa harusi huisoma kalamu ikiwa mkononi, na mkewe alishaacha kumwandikia ujumbe mezani, maana alikuwa akirudishiwa umesahihishwa.

Mwaka huu alipewa msomaji asiyemzoea. Simu za wateja zilianza kupokelewa na akili mnemba, na mashine hiyo ilipewa zana ya kumtafuta mteja: ikiwa na jina au namba, inaleta taarifa zake zote, kisha inaweza kuifungua pampu iliyojifunga yenyewe kwa hitilafu. Kazi ya Tumainieli ilikuwa kuiandikia zana hiyo itumike lini na vipi. Msidhani ni kazi nyepesi. Mtu ukimwandikia jambo la kijinga atasita, ataona haya, atamuuliza mwenzake. Mashine italitenda vilevile, tena kwa adabu zote.

Sasa, jirani mmoja mwenye kijicho aliwahi kupiga simu akajifanya mteja, akazimisha pampu ya mwenzake. Tangu hapo hata ofisi yenyewe haikuruhusiwa kufungua pampu bila kupitia kwenye mashine, na Tumainieli akaandika: "Usimtafute mteja mpaka mpigaji ataje jina kamili lililosajiliwa." Aliupenda sana mstari huo. Taarifa za simu za tambarare, kwa wafugaji, zilionyesha watu walioulizwa jina wakakaa kimya, naye akasema mtandao wa kule ni mbovu.

Jumatatu moja ya kiangazi aliingia ofisini mama wa Kimasai, Noonkipa, kutoka upande wa Ruvu. Pampu yake ilikuwa imejifunga kwa siku ya tatu sasa. Ng'ombe walikuwa wakilamba birika kavu, ndama wawili hawakuweza tena kusimama, na yeye alikuwa amepiga simu mara nne.

"Shikamoo mama. Pampu imesajiliwa kwa jina la nani?"

"Marahaba." Kisha akatazama ukuta.

Tumainieli akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo ni masikio.

Naomi, fundi wa ofisi, binti wa tambarare hizohizo, akatoka stoo akainamisha kichwa kumwamkia. "Yeyo, takwenya."

"Iko," mama akaitikia. Wakazungumza Kimaa kidogo, kisha Naomi akageuka.

"Kaka Tumaini, pampu ni ya mumewe. Amefariki mwezi wa nne. Kwetu jina la marehemu halitajwi, na mkewe ndiye hasa asiyepaswa kulitaja."

"Basi aliandike."

"Kaka!"

Tumainieli aliona haya. Aliwaza zile simu za kimya, wajane walikuwa wangapi? Na mtu akishaona haya hufanya pupa. Akaufuta mstari wake, akaandika kwamba mteja atafutwe kwa namba ya simu na akaribishwe kwa jina lake, akamwomba mama apige palepale. Laini ilikuwa ya marehemu. Mashine ikapokea kwa bashasha, ikasema, "Karibu sana, mzee..." ikalitaja. Jina hilo hata mimi sitaliandika hapa.

Noonkipa akaiweka simu mezani, akajifunika uso kwa shuka. Alilia bila sauti. Tumainieli akasimama, akaketi, akasimama tena. Mashine ilikuwa imemtii yeye, neno kwa neno.

"Nisamehe mama," alisema. "Mimi ndiye niliyeiambia iseme hivyo."

Akavuta kiti, safari hii bila kugusa kompyuta. "Mtu akija kukuulizia huko kwenu, anakutafutaje?"

Noonkipa akajifuta macho. "Anauliza boma la mama yake Ledama. Na pampu ina namba ubavuni. Naijua, naifuta vumbi kila siku."

Ledama, mwanawe, alikuwa ameandikwa kwenye taarifa za mteja kama ndugu wa karibu. Basi Tumainieli akaandika upya, polepole, Naomi akisoma begani kwake: mteja atafutwe kwa namba ya pampu, aulizwe boma ni la nani ili athibitishwe kwa jina la ndugu wa karibu, na jina lililosajiliwa lisiulizwe wala kutamkwa mpaka mpigaji mwenyewe alitaje.

Mama akapiga tena. Mashine ikauliza namba, ikauliza boma. "La mama yake Ledama," akajibu, nayo mashine ikaifungua pampu. Dakika chache baadaye Ledama mwenyewe akampigia mama yake kutoka bomani: maji yanatoka, ng'ombe wanagombania birika. Naomi akapiga makofi.

"Mama, sasa nakuandikisha wewe," Tumainieli akasema kwa furaha. "Lile jina la zamani nalifuta kabisa, lisikusumbue tena."

Noonkipa akaushika mkono wake uliokuwa juu ya vitufe.

"Usilifute, mwanangu. Likae humo. Msiliseme tu."