Tarehe ya Mfuko wa Kijani

Dada Chiu Shu-fen hamwamini mtu. Nimekaa meza ya jirani naye hapa Hsinchu miaka nenda rudi, na bado nikimletea chai huinusa kwanza. Kampuni yetu hutengeneza pampu za dripu za hospitali. Kazi yake ni kusoma programu za wenzake, kuchomoa kasoro za usalama na kuzipanga kwa aina na uzito: hapa mlango haukufungwa, pale mashine inameza chochote inacholishwa. Husema kila kasoro ina ukoo, na ukiujua ukoo utajua ilipoingilia.

Majuzi alichomoa ya ukoo mbaya kuliko zote: neno la siri lililoandikwa ndani kabisa ya programu, 1080315. Anayelijua angeweza kubadili kipimo cha dawa ya mgonjwa huku amekaa sebuleni kwake. Kumbukumbu za mabadiliko zilimtaja mwandishi wa mstari ule: Tsai Wen-hao, ambaye wiki ileile alikuwa ameaga kwamba anahamia kwa wapinzani wetu.

Ofisi nzima ikamgeuka. Hata mimi nilifunga droo yangu kwa ufunguo. Bosi Luo alitaka ripoti imtaje kwa jina na iandikwe "kwa makusudi", kisha polisi waitwe.

"Dada Chiu, naapa, mimi nilihamisha tu mafaili ya zamani," Wen-hao alisema. "Kila mstari ukachukua jina langu."

"Kila mwizi ana hadithi yake. Twende kwenye seva ukanionyeshe. Na mikono niione!"

Niliwafuata, umbea nao ni kazi. Juu ya seva ulikaa mfuko wa kijani wa vitafunwa vya nazi, ule ambao jina lake ni kama kusema "uwe mtiifu", huwekwa kama hirizi ili mashine zisilete ukorofi. Hauliwi, na hubadilishwa kabla muda wake haujaisha. Kwetu anayeuweka ni Bosi Luo peke yake, kwa mikono miwili. Dada Chiu aliukodolea macho pale ilipopigwa chapa tarehe ya mwisho: mwaka wa tarakimu tatu kwa kalenda yetu ya Jamhuri, mwezi, siku. Tarakimu saba.

Alitoka mbio hadi mapokezi, kwenye picha ya uzinduzi wa pampu ya kwanza. Bosi Luo, enzi hizo akiandika programu mwenyewe, ameukumbatia mfuko wa siku ile. Dada Chiu aliisogelea mpaka pua ikagusa kioo, akaisoma tarehe ya mfuko. 1080315.

Aliiondoa ukutani, akaiweka mezani kwa bosi.

"Bosi, ulitaka niandike jina. Niandike la nani?"

Luo aliitazama, masikio yakimwiva. "Nilitaka namba nisiyoweza kuisahau, kumbe niliisahau," alisema. "Dada, si tuiite kasoro ndogo tu?"

"Nzito kabisa! Na kuanzia leo hauingii mstari wowote kabla macho mengine hayajaupitia. Hata wako."

Nilifurahi mpaka nikataka kupiga makofi, ila niliona aibu nilipoikumbuka droo yangu.

Siku ya mwisho ya Wen-hao, Bosi Luo alimwinamia mbele yetu sote, akamwomba radhi, akamkabidhi mfuko mpya auweke yeye. Wen-hao aliuweka kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. Tulipoanza kutawanyika, Dada Chiu akarudi, akatutazama mmoja mmoja, kisha akaugeuza mfuko ili tarehe itazame ukutani.